Anayeuza Nafasi ya Kwanza Anauza Nini?

Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hulipwa kwa mali ya aliyekopa. Sasa mtu akikuahidi kwamba ndani ya siku 90 tovuti yako itakaa nafasi ya kwanza kwenye Google, deni hilo atalilipa kwa mali ya nani? Nafasi ile si yake. Hajawahi kuimiliki, na mwenye nayo hajampa uwakala. Hata hivyo kampuni za SEO, yaani kazi ya kuboresha tovuti ili ionekane juu kwenye matokeo ya utafutaji, zinazouza dhamana ya namna hii hazipungui, wala wateja wake hawapungui, na wengi wa wateja hao ni watu makini ambao wasingenunua gari bila kulifungua boneti.

Nimesoma mikataba kadhaa ya aina hii kwa ajili ya marafiki na jamaa, wachache kabla ya kutia saini, wengi baada ya kutia saini. Onyo tulilozoea kulisikia ni kwamba kampuni hizi zitakula fedha na zisifanye lolote. Zipo za hivyo. Lakini katika mikataba niliyoiona mimi, dhamana nyingi zilitimizwa, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Mteja aliyeonywa kuhusu wezi peke yake anakaa kusubiri aone kama ahadi itatimia. Siku ikitimia, anatulia, analipa, anaongeza mkataba. Hajawahi kuambiwa aulize imetimizwa vipi.

Rafiki yangu mmoja anauza vifaa vya kupigia picha. Alipewa dhamana ya vifungu kumi vya maneno kwenye ukurasa wa kwanza. Baada ya miezi mitatu akaletewa ripoti iliyojaa kijani: vyote kumi viko ukurasa wa kwanza, saba viko nafasi ya kwanza kabisa. Mauzo hayakusogea hata kidogo. Alianza kuamini kwamba kosa ni bei zake, akapunguza bei. Ndipo tukakaa naye tukafungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani watu waliandika, tovuti yake ilionekana mara ngapi, na ilibofywa mara ngapi. Vifungu saba kati ya vile kumi havikuwemo kabisa kwenye orodha. Vitatu vilivyobaki vilitafutwa mara za kuhesabika kwa vidole, na hakuna aliyebofya. Vilikuwa vifungu vya maneno sita au saba, aina ya bidhaa ikifuatiwa na sifa mbili tatu na jina la duka lake. Hakuna mnunuzi anayeandika hivyo.

Kampuni ile haikusema uongo mahali popote. Mkataba ulisema vifungu kumi, haukusema nani atavichagua wala kama kuna mtu anayevitafuta. Kuongoza kwa kifungu kisichotafutwa ni rahisi, kwa kuwa hakuna tovuti nyingine inayokigombea. Unaandika ukurasa mmoja wenye maneno hayo kwenye kichwa, unasubiri roboti za Google, yaani programu zinazosoma kurasa za tovuti, zipite, basi. Ni kazi ya mchana mmoja iliyouzwa kwa bei ya miezi mitatu.

Njia nyingine za kutimiza dhamana nitazipitia haraka, maana ukishazijua zinatambulika. Kuna anayelipia matangazo, tovuti yako ikaonekana juu kabisa chini ya neno linaloonyesha kwamba ni tangazo, naye akakupigia picha ya skrini na kuiita nafasi ya kwanza. Siku salio la matangazo likiisha, nawe umeisha. Kuna anayekuhakikishia nafasi ya kwanza kwa jina la biashara yako mwenyewe, ambayo mara nyingi ungeipata bila yeye. Kuna anayepima kwa kompyuta ambayo imeshaitembelea tovuti yako mara nyingi, au akiwa amesimama mtaa uleule wa biashara yako, ilhali matokeo ya utafutaji hubadilika kwa mahali alipo mtu, kwa lugha, na kwa kifaa anachotumia. Ukisoma neno "nafasi ya kwanza" kwenye mkataba, uliza papo hapo: kwa mtafutaji aliye wapi, akitumia nini? Ukimya unaofuata hukufundisha mengi.

Kabla ya kufika kwenye njia iliyo mbaya kuliko zote, turudi kwenye suala la umiliki, kwa sababu lilishafika mahakamani. Google ilijengwa juu ya wazo ambalo Larry Page na Sergey Brin walilichapisha mwaka 1998 wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford: kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kihesabiwe kama kura, na kura ya tovuti yenye heshima iwe nzito kuliko ya tovuti isiyojulikana. Uzito huo waliuita PageRank. Mara tu dunia ilipogundua kwamba viungo vina thamani, soko la viungo likazaliwa. Kampuni moja ya Oklahoma, Search King, ilifanya biashara ya kutafutia wateja nafasi za matangazo kwenye tovuti zenye PageRank kubwa. Mwaka 2002 alama zake zikashuka ghafla, ikaishtaki Google. Mei 2003 mahakama ya shirikisho ikaitupa kesi hiyo. Hoja ya jaji ilikuwa kwamba alama zile ni maoni ya Google kuhusu umuhimu wa tovuti, na maoni yanalindwa na Katiba ya Marekani kama uhuru wa kusema.

Kwangu mimi hukumu hiyo inalimaliza suala zima. Kama nafasi yako kwenye matokeo ni maoni ya Google, basi kampuni inayokuhakikishia nafasi inakuhakikishia maoni ya mtu mwingine. Mwalimu wa ziada anaweza kukuahidi kwamba atafundisha silabasi yote, atasahihisha kila zoezi, na hatakosa kipindi. Akikuahidi alama utakazopewa na msahihishaji asiyemjua, ama anakudanganya, ama ana mpango na mtihani ambao usingependa kuujua.

Google yenyewe imeliandika jambo hili bila kuzunguka. Mwongozo wake kwa wenye tovuti unasema hakuna anayeweza kudhamini nafasi ya kwanza, na unaonya dhidi ya wanaodai wana uhusiano maalumu na Google au wanaouza huduma ya kuwasilisha tovuti kwa kipaumbele, huduma ambayo haipo. Na kama mtu bado anaamini kuna mlango wa nyuma, akumbuke yaliyotokea Januari 2012. Kampeni ya matangazo ya kivinjari cha Chrome, bidhaa ya Google, iligundulika kuwa na makala za kulipiwa, na mojawapo ilikuwa na kiungo kilichokiuka kanuni. Google iliushusha ukurasa wa Chrome kwenye matokeo yake kwa angalau siku 60. Idara iliyo ndani ya jengo lilelile haikuweza kujihakikishia nafasi. Wakala anayekupigia simu kutoka nje ataipatia wapi?

Tena kinachoahidiwa hakitulii. Kwa mwaka 2018 peke yake Google ilisema imefanya mabadiliko 3,234 kwenye utafutaji wake, karibu tisa kwa siku. Imekuwa ikisema pia kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hayajawahi kutafutwa hapo kabla. Mtu anayekupa dhamana ya miezi sita anakuambia anajua mabadiliko zaidi ya elfu moja ambayo bado hayajafanyika.

Sasa njia mbaya. Ni viungo vya kununua. Ahadi yenye tarehe inahitaji kitu kinachofanya kazi haraka, na kazi halali ya SEO si ya haraka. Google inakadiria kwamba mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka mzima kutekeleza maboresho na kuanza kuona faida. Mwenye siku 90 hawezi kungoja. Basi anakwenda kwenye soko la viungo na kuchukua vya jumla: tovuti zilizotelekezwa na kununuliwa upya, kurasa zilizoandikwa na mashine, mitandao ya blogu mia mbili zinazomilikiwa na mtu mmoja. Kwa muda, vinaweza kufanya kazi. Hapo dhamana inatimia, malipo yanafanyika, na hatari yote inabaki kwako.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa J. C. Penney, mtandao mkubwa wa maduka wa Marekani. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi tovuti yake ilivyokuwa ikiongoza kwa miezi, msimu wa manunuzi ya mwisho wa mwaka ukiwemo, tena kwa maneno mapana kabisa kama magauni na matandiko. Nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na maelfu ya viungo vilivyopandikizwa kwenye tovuti zisizo na uhusiano wowote na nguo wala vitanda. Google ilipochukua hatua, nafasi ya kwanza kwa utafutaji wa masanduku ya Samsonite iligeuka kuwa ya 71 ndani ya saa mbili. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo vile, ikaachana na wakala wake wa SEO. Miaka mitano kabla ya hapo, Februari 2006, tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kabisa kwenye matokeo ya Google kwa kuwaonyesha roboti kurasa tofauti na walizoona watu.

Lakini BMW ilirudi baada ya siku chache, na J. C. Penney ilikuwa na maduka zaidi ya elfu moja ya kuishikilia. Wanaonihuzunisha ni wale ambao hakuna gazeti lililowaandika. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilizindua mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga hasa viungo bandia, na yakagusa takriban asilimia 3 ya utafutaji wa Kiingereza. Asilimia hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba ndani yake kulikuwa na biashara za familia ambazo wateja wake wote walitoka kwenye ukurasa mmoja wa matokeo. Wengi hawakujua kwamba wana viungo vya kununua. Walijua tu kwamba waliwahi kumlipa mtu, akatimiza alichoahidi, wakaagana vizuri.

Ni haki kusema kwamba mambo yamebadilika tangu wakati ule. Kuanzia Septemba 2016, Penguin iliingizwa ndani ya mfumo mkuu na aghalabu huvipuuza viungo vibovu badala ya kuishusha tovuti nzima, ingawa adhabu zinazotolewa na wakaguzi wa Google kwa mkono bado zipo. Kwa hiyo leo matokeo ya kawaida zaidi ni kwamba umelipia viungo ambavyo havihesabiwi. Hiyo ni nafuu, lakini ni nafuu ya aliyenunua dawa bandia akakuta haina sumu.

Kuna aina moja ya viungo hivi ambayo watu hawaielewi mpaka iwaumize: vya kukodi. Kampuni inamiliki mtandao wa tovuti, inaweka viungo vyako humo, na siku unapovunja mkataba inaviondoa. Nafasi zako zinaporomoka wiki chache baadaye, nawe unahitimisha kwamba kuwaacha lilikuwa kosa. Nimemsikia mtu akisema kwa dhati kabisa kwamba kampuni fulani ilikuwa nzuri, "kwani tulipoondoka tu tukaanguka." Kuanguka kule ndiko kulikothibitisha kwamba hakujajengwa kitu. Kazi halisi ya SEO, kama kurasa zilizoandikwa vizuri, tovuti inayofunguka haraka, na anwani za zamani zilizoelekezwa sawasawa kwenda mpya, hubaki kwako hata fundi akiondoka.

Wengine watasema: lakini hii kampuni inarudisha fedha isipofanikiwa, nina cha kupoteza? Nimeifikiria sana hoja hii kwa sababu inatolewa na watu wenye akili ya biashara. Chukua wateja kumi. Wanne kati yao wangepanda hata wasipoguswa, kwa sababu tovuti zao ni mpya au washindani wao ni dhaifu. Kampuni isiyofanya lolote la maana itavuna fedha za hao wanne na kuwarudishia sita waliobaki, na bado itakuwa na faida, tena na barua nne za shukrani za kuonyesha wateja wapya. Na hao sita hawarudishiwi kirahisi. Soma masharti: utapoteza haki hiyo ukibadilisha chochote kwenye tovuti, ukichelewa kuidhinisha maudhui, au kama Google imefanya mabadiliko makubwa ndani ya kipindi hicho, jambo ambalo hutokea mara kadhaa kila mwaka. Zaidi ya hayo, kinachorudishwa ni ada. Miezi uliyopoteza hairudi, wala sifa ya jina la tovuti lililochafuliwa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwenye SEO msemo huu unakaribia kuwa kanuni ya kazi. Mei 2018 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kesi dhidi ya kundi la kampuni za Florida zilizokuwa zikiwapigia wenye biashara ndogo simu za kurekodiwa, zikijifanya zina uhusiano na Google, zikitishia kwamba biashara zao zitaondolewa kwenye matokeo wasipochukua hatua, kisha zikiuza mpango wenye dhamana ya ukurasa wa kwanza. Tishio na dhamana vilikaa kwenye simu moja. Si ajabu, kwa sababu vyote viwili vinadai uwezo uleule usiokuwepo. Anayeweza kukuondoa na anayeweza kukupandisha ni huyohuyo mmoja, na siye anayepiga simu.

Naelewa kwa nini dhamana inavutia. Mteja hawezi kuiona kazi ya SEO kama anavyouona ukuta uliopakwa rangi. Mbele yake wamekaa wawili. Mmoja anasema, "inategemea hali ya tovuti yako, washindani wako, na muda, nitakuambia baada ya kukagua." Mwingine anasema, "siku 90, nafasi ya kwanza, la sivyo fedha zako." Aliye mkweli anasikika kama asiyejiamini. Nimewahi kumwona mtaalamu mahiri akipoteza kazi kwa sababu ya neno "inategemea," na nilisikitika, kwani neno hilo ndilo lililokuwa ushahidi kwamba anajua anachofanya.

Basi tumpimeje? Kipimo kinachopendwa ni kuangalia kama kampuni yenyewe inaongoza pale mtu anapotafuta kampuni za SEO. Sikipendi. Mganga hajigangi, na walio wazuri mara nyingi wana wateja wa kutosha kwa kupendekezwa hivi kwamba hawashindanii maneno hayo, ambayo yamejaa watu wa viungo vya jumla. Mimi nasikiliza anachokubali kudhamini. Fundi wa kweli atadhamini kazi: kwamba kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza atakupa orodha ya kurasa ambazo Google imeshindwa kuzisoma na sababu ya kila moja, kwamba kila badiliko litaandikwa kabla ya kufanywa, kwamba akipata kiungo kwa ajili yako, utapewa anwani yake na maelezo ya jinsi kilivyopatikana. Hili la mwisho ndilo linalochuja kuliko yote. Anayekodisha viungo hawezi kukuonyesha orodha, kwa sababu ukiiona utaacha kulipa. Akijitetea kwamba ni siri ya kampuni, mazungumzo yameisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Search Console ifunguliwe kwa jina lako, wao wapewe ruhusa ya kuingia, isiwe kinyume chake. Jina la tovuti lisajiliwe kwako. Na kipimo cha mafanikio kisiwe nafasi, kiwe wageni kutoka kwenye utafutaji waliofanya kitu chenye maana: walionunua, waliopiga simu, walioomba bei. Mtu akikubali kupimwa hivyo, jambo la kwanza atakalouliza ni biashara yako inapata faida kwenye nini. Ni swali ambalo muuza nafasi hana haja nalo.

Tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuweka majibu ya akili bandia juu ya matokeo kwa watumiaji wa Marekani na kisha kwingineko, hata hiyo nafasi ya kwanza imesogea chini ya skrini. Tayari wapo wanaouza dhamana ya kutajwa ndani ya majibu hayo. Wanaahidi maoni ya mashine ambayo inaweza kujibu swali lilelile kwa namna mbili tofauti kwa watu wawili. Sina la kuongeza juu ya hilo ambalo sijalisema kuhusu ile kesi ya Oklahoma.

Rafiki yangu wa vifaa vya picha alivunja mkataba wake. Fundi aliyemfuata alianza kwa kugundua kwamba karibu nusu ya kurasa zake za bidhaa zilikuwa na amri ya kuzuia roboti, iliyosahaulika tangu tovuti ilipokuwa ikijengwa. Zilipofunguliwa, wanunuzi walianza kufika polepole, kwa maneno ambayo hakuna aliyewahi kumwahidi. Na vile vifungu kumi vya dhamana? Nimevitafuta tena kabla ya kuandika makala hii. Saba bado viko nafasi ya kwanza.